Joto la Bahari na Nguvu za Vimbunga: Habari Inayofika Handeni na Korogwe

Katika hesabu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake cha TMA, mkoa wa Tanga umo katika ukanda wa pwani ya kaskazini pamoja na Dar es Salaam, Pwani, visiwa vya Unguja na Pemba na sehemu ya kaskazini ya Morogoro, na kwa hiyo mkulima wa mahindi wa Handeni, ambaye shamba lake liko takriban kilomita 100 kutoka ufukweni na ambaye huenda hajawahi kuona jahazi likitweka tanga, huhesabiwa na wataalamu wa hali ya hewa kuwa mtu wa pwani. Hesabu hiyo haikufanywa kwa ajili ya kurahisisha uchoraji wa ramani. Mvua za vuli, zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba, na mvua za masika, zinazonyesha kati ya Machi na Mei, huzifikia Handeni na Korogwe zikiwa zimebebwa kwa sehemu kubwa na unyevu wa Bahari ya Hindi, na unyevu huo huo ndio unaovilisha vimbunga. Mazungumzo haya yanahusu joto la bahari: jinsi linavyokipa kimbunga nguvu, kwa nini bahari iliyo mbele ya Tanga huviona vimbunga kwa nadra, na kwa nini habari ya kimbunga kilichoko mbali, hata kinachopiga Msumbiji au Madagaska, yafaa kusikilizwa Korogwe na Handeni kwa makini yale yale yanayotumika Mafia na Mtwara.

Kimbunga, kwa maana ya kitaalamu, ni mfumo mkubwa wa mawingu na upepo unaozaliwa juu ya bahari ya kitropiki na kuzunguka kitovu chenye mgandamizo mdogo wa hewa, yaani mahali ambapo hewa inaukandamiza uso wa bahari kwa uzito mdogo kuliko kandokando yake. Watu wa Karibi na Marekani huuita harikeni, na wa Japani na Uchina huuita taifuni, lakini kinachotofautiana ni jina na bahari tu, kwa kuwa umbile na mwenendo wake ni mmoja, isipokuwa kwamba kusini mwa Ikweta upepo wake huzunguka kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, na kaskazini mwa Ikweta huzunguka kinyume chake. Katika eneo la kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambalo kituo cha kisiwa cha Réunion kimepewa dhamana ya kulifuatilia, mfumo wa namna hii hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, huhesabiwa kuwa kimbunga kamili unapofikia kilomita 118, na huitwa kimbunga kikali unapofikia kilomita 166. Viwango hivi si vya kuwaridhisha wanatakwimu tu, kwa kuwa nguvu ambayo upepo husukumia ukuta au paa haikui sambamba na kasi yake bali hukua kwa kipeo cha pili: kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne, na bati lililostahimili upepo wa kilomita 60 huenda lisistahimili wa kilomita 120 hata kama limepigiliwa misumari maradufu.

Chanzo cha nguvu zote hizo ni maji ya vuguvugu. Upepo unapopita juu ya bahari yenye joto huokota mvuke, na kila kilo moja ya maji inayogeuka kuwa mvuke huondoka baharini na takriban jouli milioni 2.5 za joto, ambalo haliwezi kuonekana kwenye kipimajoto kwa sababu limejificha ndani ya mvuke wenyewe, ndiyo maana wanafizikia huliita joto fiche. Mvuke huo unapopanda juu hupoa na kugeuka kuwa matone ya wingu, na hapo joto lililojificha huachiliwa, likaipasha hewa inayouzunguka. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi na kuzidi kupanda, mgandamizo wa chini huzidi kupungua, na hewa ya kandokando hukimbilia kitovuni kuziba pengo, ikipita tena juu ya bahari na kuokota mvuke mwingine. Mzunguko huo hujilisha wenyewe kadiri bahari inavyoendelea kutoa mvuke, na hukatika mara mfumo unapofika nchi kavu, ambako hakuna tena maji ya moto ya kuulisha.

Ukubwa wa joto hilo unaweza kupimwa kwa kipimo ambacho Handeni, wilaya iliyozoea biashara ya mkaa, inakijua vizuri. Mvua ya milimita 100, ambayo mfumo wa kitropiki unaweza kuimwaga kwa siku moja, inaponyesha juu ya hekta moja ya shamba humwaga lita milioni moja za maji, na joto lililoachiliwa angani wakati mvuke wa maji hayo ulipokuwa ukigeuka matone ni sawa na joto la kuchoma zaidi ya tani 80 za mkaa, yaani zaidi ya magunia 1,600 yenye uzito wa kilo 50 kila moja. Hiyo ni hekta moja tu. Kimbunga cha kawaida hunyesha juu ya mamilioni ya hekta kwa wakati mmoja, na ingawa sehemu ndogo tu ya joto hilo ndiyo inayogeuka kuwa mwendo wa upepo, sehemu hiyo ndogo hutosha kung'oa minazi na kupindua meli.

Wataalamu wa vimbunga hutaja nyuzi joto 26.5 za Selsiasi kuwa kiwango cha chini ambacho uso wa bahari unapaswa kukifikia ili kimbunga kiweze kuzaliwa, nao husisitiza kwamba joto hilo lisiwe la juu juu, bali lishuke hadi kina cha mita 50 au zaidi. Juu ya kiwango hicho kila nyuzi moja ina uzito wake, kwa sababu hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, na asilimia hizo hupandana: bahari ya nyuzi 29 inaweza kuipa hewa mvuke unaozidi ule wa bahari ya nyuzi 26 kwa zaidi ya moja ya tano. Maji ya pwani ya Tanzania hupita juu ya mpaka huo na chini yake katika mwaka mmoja, kwa kuwa wakati wa kusi, mwezi Agosti, hupoa hadi karibu nyuzi 25, na mwishoni mwa kaskazi, mwezi Machi na Aprili, hufikia nyuzi 29 na hata kuzidi.

Sharti la kina ndilo linalosahauliwa mara nyingi, ingawa ndilo linaloamua hatima ya vimbunga vingi. Upepo wa kimbunga huivuruga bahari kwa nguvu kiasi cha kuyapandisha juu maji ya chini, na kama tabaka la maji ya moto ni jembamba, maji yanayopanda huwa baridi, hivyo kimbunga hujikuta kimelizima jiko lake chenyewe. Mashariki mwa Tanzania, kati ya nyuzi 5 na nyuzi 10 za latitudo kusini mwa Ikweta, kuanzia upande wa Ushelisheli hadi upande wa visiwa vya Chagos, maji baridi ya kilindini hukaribia uso wa bahari kuliko sehemu nyingi za tropiki. Eneo hilo ni kama tuta la maji baridi lililofunikwa kwa shuka jembamba la maji ya moto, na kimbunga kinachopita juu yake hulirarua shuka hilo upesi. Shuka hilo linapokuwa nene, mambo hubadilika, nalo hunenepa katika miaka maalumu ambayo wakulima wa Korogwe huikumbuka kwa sababu nyingine kabisa, kama itakavyoelezwa.

Joto peke yake, hata hivyo, halizai kimbunga, na kulidai hilo kungekuwa kulipotosha somo. Ili hewa inayokimbilia kitovuni ipinde na kuanza kuzunguka badala ya kwenda moja kwa moja na kulijaza pengo, inahitaji kukengeushwa na mzunguko wa dunia, na ukengeushaji huo, uliopewa jina la mwanasayansi Mfaransa Coriolis, ni sifuri kwenye Ikweta na huongezeka kadiri mahali panavyosogea mbali nayo. Kwa kawaida vimbunga huhitaji umbali wa nyuzi 5 hivi za latitudo ili vizaliwe, na mji wa Tanga uko karibu kabisa na nyuzi 5 kusini, Korogwe ikiwa kusini kidogo tu ya mstari huo. Ukaribu huo na Ikweta ndio ngao kuu ya wakazi wa Korogwe na Handeni dhidi ya upepo wa kimbunga, wala si milima ya Usambara, kama inavyoweza kudhaniwa. Jambo la pili ni upepo wa angani: ikiwa upepo wa tabaka la juu unatofautiana sana na wa tabaka la chini kwa kasi au mwelekeo, mnara wa mawingu huinamishwa na kukatwa kichwa kabla haujakomaa. La tatu ni hewa kavu, ambayo ikipenya katika mfumo huyakausha mawingu yake kwa haraka.

Historia ya pwani ya Waswahili inaonyesha kwamba ngao hiyo ya latitudo ina nyufa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, iliyoko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kikaziangamiza meli za Sultani Barghash bin Said zilizokuwa zimetia nanga bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Ng'ambo yake, Bagamoyo, misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu iliharibiwa vibaya. Pemba iliponea, na tangu hapo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Kwa hiyo siku moja ya upepo iliugeuza uchumi wa dola nzima. Katikati ya Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi na kuua watu. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth, kilichopata nguvu kwa muda mfupi sana juu ya maji ya moto yaliyo kaskazini mwa Madagaska, kilitua Cabo Delgado nchini Msumbiji kikiwa na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, huku wakazi wa Mtwara, jirani tu na hapo, wakiwa wamekwisha kutahadharishwa. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania, kikadhoofika kabla ya kuleta maafa yaliyohofiwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifikia daraja la kimbunga kamili tarehe 3, nguvu ambayo ni nadra kabisa kuonekana karibu namna ile na pwani ya Tanzania, kisha kikanywea na kufika Mafia tarehe 4 kikiwa dhaifu, ingawa mvua zake zilitosha kuikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Tarehe hizo zote zimekusanyika katika Aprili na siku za mwanzo za Mei, na mkusanyiko huo una sababu. Msimu wa vimbunga katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza katikati ya Novemba na kufikia kilele chake Januari na Februari, lakini katika miezi hiyo ya kilele kaskazi huvuma kwa nguvu mbele ya pwani ya Afrika Mashariki, na mkanda wa mvua unaokutanisha pepo za kaskazini na za kusini huwa umeshuka kusini, upande wa Madagaska na Msumbiji. Kaskazi inapokwisha, kabla ya kusi kusimama, kuna kipindi ambacho mabaharia wa jahazi wamekijua tangu zamani kwa jina la malelezi, cha upepo uliotulia na usio na mwelekeo mmoja. Katika kipindi hicho mambo mawili hukutana: bahari iliyoota jua kwa miezi mitatu iko katika joto lake la juu kabisa la mwaka, na upepo wa angani hautoshi kukata vichwa vya mawingu. Nahodha wa zamani aliyekataa kutweka tanga kwenda mbali wakati huo hakuwa na kipimajoto, lakini aliisoma bahari kwa usahihi unaostahili heshima ya sayansi ya leo.

Kipindi hicho hicho ndicho cha masika ya Handeni na Korogwe, na hapa ndipo habari ya kimbunga cha mbali inapoingia shambani. Kimbunga ni pampu inayovuta unyevu kutoka eneo kubwa kuliko lile linaloonekana limefunikwa na mawingu yake, na athari ya pampu hiyo kwa kaskazini-mashariki mwa Tanzania hutegemea mahali iliposimama. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande wa mashariki na kandokando ya Madagaska, na pepo za magharibi zilizoambatana navyo zilileta unyevu kutoka upande wa bonde la Kongo, zikachangia mvua nyingi zisizo za kawaida katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Machi 2019 kimbunga Idai kilikaa kwa siku kadhaa katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji kabla ya kuipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 na kusababisha vifo vya zaidi ya watu 1,000 nchini Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kwa upande wa kaskazini, unyevu ulivutwa kuelekea kwenye kimbunga hicho, na mvua za masika zikachelewa. Bahari yenye joto ilikuwapo katika miaka yote miwili. Mkulima wa mwaka wa kwanza alipata maji kupita kiasi, na wa mwaka wa pili aliitazama mbegu yake ikikauka ardhini, naye hakuwa na namna ya kujua, kwa kutazama mawingu ya Handeni peke yake, kwamba sababu iko zaidi ya kilomita 1,000 kusini kwake.

Kwa upande wa vuli, joto la bahari hufanya kazi kwa njia nyingine, na jina lake la kitaalamu ni Dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi wa bahari hiyo, ulio mbele ya Afrika Mashariki, na upande wa mashariki, ulio mbele ya Sumatra. Dipoli inapokuwa chanya, upande wa Afrika Mashariki hupata joto kuliko wastani na upande wa Sumatra hupoa, na hivyo mawingu ya mvua huhamia magharibi. Vuli za mwaka 1961 na 1997 zilikuwa za namna hiyo, na zote mbili zimebaki katika kumbukumbu za mafuriko za Afrika Mashariki. Mwaka 2019 dipoli chanya ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kupimwa. Australia, iliyo upande uliopoa, iliungua kwa moto wa nyika, na Afrika Mashariki ilizama. Mwezi Oktoba wa mwaka huo mvua kubwa ziliushukia mkoa wa Tanga, mafuriko yakaua watu katika Handeni na Korogwe, na barabara inayoiunganisha miji hiyo miwili ikakatika.

Umbile la nchi huongeza madhara ya mvua ya namna hiyo. Korogwe imekaa bondeni chini ya Usambara, mahali ambapo mto Pangani, unaoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru, hupokea maji ya mto Lwengera unaopita kati ya Usambara ya Mashariki na ya Magharibi, na milima hiyo huilazimisha hewa yenye unyevu kutoka baharini kupanda, kupoa na kuyamwaga maji yake kwenye miteremko iliyo juu ya mji. Handeni ina tatizo la aina nyingine, kwa kuwa sehemu kubwa ya vijito vyake ni makorongo yanayokaa makavu kwa miezi mingi, ambayo watu huyavuka kwa miguu na kwa bodaboda bila kuwaza, na ambayo mvua kubwa iliyonyesha mbali huweza kuyajaza kwa muda mfupi huku mahali pa kuvukia hakujanyesha hata tone. Korongo kavu huweza kuwa hatari kuliko mto mkubwa, kwa sababu mto mkubwa huogopwa siku zote.

Uhusiano kati ya dipoli na vimbunga unalirudisha somo kwenye lile tuta la maji baridi lililoko upande wa Ushelisheli. Dipoli inapokuwa chanya, pepo zinazovuma kutoka mashariki katikati ya bahari huanzisha mawimbi mapana ya ndani ya maji, yasiyoonekana kwa jicho, yanayosafiri polepole kuelekea magharibi kwa miezi, na yanapofika juu ya tuta hilo huyasukuma maji baridi chini na kulinenepesha shuka la maji ya moto. El Nino, yaani hali ya kuongezeka kwa joto la bahari ya Pasifiki ya kati na ya mashariki, nayo huweza kuleta matokeo yanayofanana. Kwa hiyo vuli yenye mvua kupita kiasi Handeni huweza kuwa dalili ya bahari inayojiandaa kuvilisha vimbunga katika miezi itakayofuata. Mwishoni mwa mwaka 2023 dipoli chanya na El Nino vilikuwapo kwa pamoja. Vuli ilikuwa ya mvua kubwa, Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko nchini, na mwezi uliofuata Hidaya ikatokea. Mfuatano huo hauthibitishi kwamba tukio moja lilizaa jingine, lakini unatosha kuonyesha kwa nini msimu wa vuli na msimu wa vimbunga havipaswi kufuatiliwa kama mambo mawili yasiyohusiana.

Athari hizo huweza hata kupita njia ambazo hakuna aliyezitarajia. Vimbunga Mekunu na Luban vilivyoinyeshea kusini mwa Rasi ya Uarabuni mwaka 2018, Mekunu kikiwa kimeipiga Salalah nchini Omani mwezi Mei, viliacha madimbwi na majani katika jangwa la Rub al-Khali, nzige wa jangwani wakazaliana huko vizazi kadhaa bila kuonekana, na uzao wao, uliokuzwa zaidi na mvua za dipoli ya mwaka 2019, ukaingia Kenya mwishoni mwa mwaka huo na baadaye kufika kaskazini mwa Tanzania.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama kuongezeka kwa joto la dunia kunavizidisha vimbunga, na jibu la haki lina sehemu mbili. Idadi ya vimbunga duniani haijaonyesha ongezeko la wazi, na kimbunga cha 1872, kilichotokea kabla viwanda vya dunia havijalibadilisha anga kwa kiasi cha leo, ni ushahidi kwamba bahari hii imekuwa na uwezo huo tangu zamani. Kilichobadilika ni sehemu ya vimbunga vinavyofikia madaraja ya juu, ambayo imeongezeka katika miongo minne iliyopita, na kiasi cha maji ambayo kila kimoja kinaweza kuyamwaga. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa na hewa ukaa na gesi nyingine, na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi umepata joto kwa kasi, zaidi ya nyuzi moja tangu mwanzo wa karne ya 20. Makadirio yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba dunia ikipata joto kwa nyuzi 2, kasi ya upepo wa vimbunga itaongezeka kwa asilimia 5 hivi, na mvua yake kwa takriban asilimia 14. Kwa mkazi wa Mafia takwimu ya kwanza ndiyo ya kutisha. Kwa mkazi wa Korogwe na Handeni ni ya pili, kwa kuwa upepo hudhoofika njiani lakini maji husafiri.

Kutokana na hayo, mpango wa tahadhari unaoishia kwenye wilaya zinazopakana na bahari ni mpango pungufu. Makalavati na madaraja madogo katika barabara za vijijini za Handeni, ambazo ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, hayawezi kuendelea kupimwa kwa mvua za miaka ya zamani wakati hewa inayoleta mvua za leo ina uwezo wa kubeba mvuke zaidi. Na miteremko iliyokatwa miti kwa ajili ya mkaa haiwezi kutarajiwa kuyazuia maji ambayo misitu yake iliyazuia. Gharama ya kalavati pana ni kubwa, lakini hulipwa mara moja, ilhali kalavati jembamba hulipwa kila linapozolewa, na pengine hulipwa kwa roho za watu.

TMA hutoa utabiri wa kila msimu, taarifa za siku kumi kwa wakulima, na tahadhari za kimbunga kila mfumo unapojitokeza. Upungufu uko katika namna tahadhari hizo zinavyosomwa katika wilaya za ndani, ambako tangazo la kwamba kimbunga hakitafika Tanga huchukuliwa kuwa mwisho wa habari. Kwa hiyo, kimbunga kijacho kitakapotangazwa katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji mwezi Machi, watangazaji wa redio na maafisa ugani wa Korogwe na Handeni waeleze pia unyevu unavutwa kuelekea wapi na kwa siku ngapi, na mkulima aliye na mbegu mkononi aisubiri taarifa ya siku kumi kabla ya kuifukia ardhini.